Mti wa Kilomita ya Nne

Ofisi ya Manunuzi, Halmashauri ya Mji
Jumanne, 14 Aprili, saa mbili asubuhi

Wifi yangu,

Usishtuke kuona barua. Simu zimekufa. Mnara wenyewe umelala juu ya paa la soko, nimeuona kwa macho yangu. Kwa hiyo nakuandikia kwa kalamu, na tarishi wetu ndiye atakayekuletea kwa miguu, maana hakuna chombo chenye magurudumu kinachoweza kutoka mjini leo.

Sijui nianzie wapi. Tufani ilikuja jana saa kumi jioni. Nina miaka hamsini na mbili na nilidhani najua upepo ni nini. Wifi, nilikuwa sijui. Ule haukuvuma, ulisukuma. Nilikuwa dirishani nikaona mikaratusi yote ya uwanja wa mpira ikiinama kwa pamoja, taratibu, kama watu wanaotafuta kitu kilichoanguka, na haikuinuka tena. Dakika ishirini tu. Halafu kimya. Nilitoka nje nikasimama katikati ya barabara, na baada ya muda nikagundua kwamba nimevua viatu nimevishika mkononi. Mpaka sasa sijui kwa nini.

Sasa kazi. Kwa mamlaka ya mkataba wa dharura wa Januari, ule ambao kamati ya zabuni ilikupa wewe huku mimi nimekaa nje ya chumba kwa kuwa ni mke wa kaka yako, na watu mpaka leo wanasema, nakuita kazini. Kipande chako ni barabara yote kutoka njia panda ya lami hadi hospitali, kilomita kumi na tisa. Mtu aliyeingia mjini kwa miguu alfajiri alihesabu miti mia mbili akaacha kuhesabu.

Ukifika mwisho kuna mvule wa hospitali. Umeangukia wodi ya wazazi. Hakuna aliyeumia, nami sielewi imewezekanaje, maana mti ule watu wanne wakishikana mikono hawauzunguki. Wagonjwa wengi wamehamishiwa madarasani shuleni. Hati ya kazi ya mvule nimeiambatisha: uondolewe wote.

Kaka yako yuko safarini na hana habari ya lolote. Binti yetu Kitinda anakusalimia. Anapumzika.

Wifi yako,
Afisa Manunuzi


Kilomita ya tisa, juu ya gogo
Jumatano, 15 Aprili, saa saba mchana

Bibi Kifungu, salamu nyingi,

Tarishi wako alitufikia jana saa tisa, kiatu kimoja mguuni na kingine sijui kimebaki tawi gani. Aliketi chini, akanywa maji yetu yote, akasema, "Mama, nimekuwa tarishi miaka thelathini. Hii ndiyo barua ya kwanza niliyoileta kwa kupanda." Nilimpa mabuti ya fundi wangu mmoja. Yanampwaya lakini anatembea nayo kama askari wa gwaride.

Wifi, mimi nimeshika msumeno miaka ishirini na sita. Nimefungua barabara baada ya mafuriko, baada ya moto, baada ya ile tufani ya mwaka ambao Kitinda alivunja mkono. Nilikuja huku nimejiamini kama kawaida yangu. Tulipofika kilomita ya kumi na nne kutoka hospitali nikamwambia dereva azime lori. Nikawaambia na wenye misumeno wazime, yote saba. Tukasimama tu, watu kumi na mmoja. Msitu wote umelala. Kila mti umeelekeza kichwa upande mmoja, mpaka macho yanapokoma, na mahali tulipozoea kuona giza la majani sasa kuna mbingu. Fundi wangu yule asiyenyamaza, unayemjua, alivua kofia kama yuko msibani.

Mizizi imesimama mirefu kuliko lori. Nilichungulia shimo moja, nikakuta maji yameshajaa na vyura wameshahamia. Siku moja tu, wifi! Sisi binadamu tunangoja kibali cha kujenga choo miezi sita. Na kwenye shina moja msumeno ulitoa cheche, tukachimbua kwa patasi, tukakuta ndani ya mti kuna mnyororo na kufuli, limefungwa. Mtu alifunga kitu hapo enzi hizo, akaenda zake, na mti ukafumba mdomo. Nimelibeba kufuli mfukoni. Kila nikiligusa natamani nijue lilifunga nini.

Kazi inakwenda. Tunafungua kama inavyofunguliwa kila mahali: kwanza njia ya gari moja, magogo yanasukumwa pembeni, visiki vinabaki, tunasonga. Tukishafika ndipo tunageuka nyuma kusafisha taratibu. Leo jioni nitakuwa kilomita ya nne, na kesho saa sita mchana nitakuwa mlangoni pa hospitali, uniandalie kiti.

Mimba ya Kitinda sasa ni miezi saba, au nimekosea hesabu? Mwambie alalie ubavu wa kushoto na asibebe ndoo. Mwambie shangazi yake yuko njiani na anakuja na kelele.

Wifi yako wa juu ya magogo


HALMASHAURI YA MJI
OFISI YA MANUNUZI
Kumb. Na. HM/MN/DH/07/3
Jumatano, 15 Aprili

Kwa: Mkandarasi, Huduma za Dharura za Miti

YAH: UTEKELEZAJI WA KAZI CHINI YA KIWANGO

Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu.

Ofisi hii imepokea malalamiko ya maandishi kutoka kwa mzabuni aliyeshika nafasi ya pili, ambaye amejionea kwamba barabara inafunguliwa kwa upana wa gari moja tu na visiki vinaachwa vimesimama. Mlalamikaji ameeleza kwamba hali hiyo inavumiliwa kwa sababu ya undugu.

Unakumbushwa masharti ya kifungu cha saba: miti iondolewe kwa upana kamili wa barabara pamoja na mita mbili kila upande, na visiki vikatwe usawa wa ardhi. Unatakiwa kuzingatia masharti haya mara moja na kutoa taarifa ya maandishi.

Nakutakia utekelezaji mwema.

Afisa Manunuzi
Nakala: Mwenyekiti wa Halmashauri, Mkaguzi wa Ndani, Jalada


Kilomita ya nne
Alhamisi, 16 Aprili, saa sita mchana

Kwa: Afisa Manunuzi

YAH: KIFUNGU CHA SABA

Mheshimiwa, barua yako nimeipokea leo saa kumi na mbili asubuhi, tukiwa tunawasha misumeno. Taarifa ya maandishi ni kama ifuatavyo. Tangu saa hiyo timu nzima imesimama kilomita ya nne na inasafisha. Upana kamili. Mita mbili kila upande, nimezipima mwenyewe kwa kamba. Visiki kumi na saba vimekatwa usawa wa ardhi, unaweza kuja kuvikalia, hutavihisi. Kwa mwendo huu nitafika hospitali Jumatatu.

Sasa nimemaliza kumjibu Mheshimiwa, nazungumza na wewe.

Miaka ishirini na sita hakuna mtu aliyewahi kuniandikia maneno "chini ya kiwango". Nimeambiwa mengi, kwamba mwanamke gani huyu anayepanda miti, kwamba nitaanguka, kwamba mume alinikimbia kwa sababu ya kelele. Hilo sijaambiwa. Na limetoka kwako, uliyekula nyumbani kwa mama yangu kabla hujaolewa na kaka yangu.

Unajua nilichofanya? Niliikung'uta bahasha. Nilidhani kuna kikaratasi kingine ndani, kitu cha wifi kwa wifi, "usijali, nimelazimika". Niliikung'uta mara mbili mbele ya mafundi wangu. Hakukuwa na kitu.

Msimamizi wangu aliniuliza, "Mama, na hospitali je?" Nikamwambia hospitali imehamia shuleni, barua ya kwanza ilisema, na kama wenyewe hawana haraka mimi haraka yangu ni ya nini. Amekwenda kukata visiki upande wa pili na tangu asubuhi hajanitazama.

Mkandarasi


Wodi ya wazazi
Alhamisi, 16 Aprili, saa tisa alasiri

Wifi, acha kusafisha. Fungua. Nakuomba, fungua.

Kitinda yuko hapa. Yuko hapa tangu Jumapili, kabla ya tufani. Alianza kutokwa damu, daktari akamlaza akasema asiinuke hata kwenda msalani. Niliposema wagonjwa wengi wamehamishwa, nilisema kweli. Wengi. Wamebaki watatu wasioweza kusogezwa ila kwa gari la wagonjwa, na mmoja wao ni binti yetu. Anahitaji kupasuliwa na anahitaji damu, na damu iliyokuwa hapa imeharibika kwa kukosa umeme. Daktari amesema lazima afike hospitali kuu. Nilimuuliza mpaka lini. Akasema, "Mama, mimi naomba iwe jana."

Utaniuliza kwa nini sikukwambia. Jumanne niliandika jina lake nikalifuta. Nilijiambia kwamba mtu akikata miti iliyolala huku moyo unamdunda, mti unamgeukia. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Hiyo ni sababu moja na ni ya kweli. Nyingine ni kwamba niliogopa. Wangesema nimemwita wifi yangu, kwa mkataba wa wifi yangu, kuja kumfungulia njia binti yangu. Niliogopa maneno, wifi, huku mwanangu analowesha shuka.

Na ile barua. Yule mzabuni wa pili alisimama mezani kwangu na Mwenyekiti amesimama pembeni yake. Niliiandika pale pale ili wanione naandika. Ilikuwa ya jalada. Mimi nimezoea barua za namna hiyo, kwetu ofisini mtu akipata anaitoboa, anaifungia kwenye faili na anaendelea na kazi yake. Nilidhani na wewe utaifanya hivyo. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba utatii.

Nakuandikia nikiwa nimekaa chini ya mti wenyewe. Dari limepasuka juu ya kitanda chake na tawi limeingia ndani, nene kama pipa, na majani yananing'inia mpaka karibu na uso wake. Ni mabichi. Mti umeng'oka, siku ya tatu hii, na bado kuna vijani vipya vinafunguka. Jana vilikuwa vimekunjamana na leo nimevikuta vimekuwa viganja. Manesi wanapita chini yake kwa kunyata. Hakuna aliyewaambia wanyate. Kitinda anautazama tu.

Sina cha kujitetea. Njoo.

Wifi yako


Kilomita ya nne
Alhamisi, saa kumi na moja na nusu jioni

Nimesoma.

Nimewaambia wenzangu. Msimamizi amekalia kimoja cha visiki vyangu vizuri, analia. Mtu mzima.

Giza limebakiza saa moja. Tunafungua mpaka tusione meno ya msumeno, halafu nitasimama, kwa sababu usiku miti hii itaniua mimi na hakuna mwingine wa kufika kwenu. Usidhani kusimama huko kutakuwa ni kulala. Alfajiri kwenye mwanga wa kwanza utatusikia.

Dereva ameshageuza lori kwenda njia panda kuliita gari la wagonjwa, litufuate nyuma.

Usiniandikie tena mpaka nifike. Siwezi kusoma na kukata.

Shangazi yake


Juu ya paa la wodi
Ijumaa, 17 Aprili, saa tatu na nusu asubuhi

Wifi,

Najua uko hapo chini, hatua kumi kutoka nilipo, na kelele za injini ya gari la wagonjwa haziniruhusu kuita. Na nisingetaka kuita. Juu hapa sitaki hata kukohoa. Tarishi atakupitishia karatasi hii dirishani. Isome yote kabla hujajibu.

Hati yako inasema mvule uondolewe wote. Nimeuzunguka mara tatu. Nikiuondoa, nimewaua.

Sikiliza nilichokiona. Mti ulipoanguka, matawi yake mawili makubwa yalitangulia yakajichimbia ardhini pande mbili za jengo, mpaka kwenye kiwiko. Shina halikutua juu ya paa. Limesimama juu ya matawi hayo kama mtu aliyejishika kwa mikono asimwangukie mtoto aliyelala. Boriti kuu ya paa imekatika katikati, ukuta wa nyuma umepasuka kutoka juu hadi chini, na kwa hesabu zote jengo hili lilipaswa kuwa chini tangu Jumatatu. Halijaanguka kwa sababu boriti imeketi juu ya tawi la tatu, lile lililoingia ndani, mnalolitazama ninyi. Mti ndio uliobeba paa. Nimeweka kiganja juu ya lile tawi na nimehisi uzito ukipita ndani yake. Linatetemeka kidogo sana. Siku nne halijatua mzigo.

Nimekata miti elfu ngapi maishani sijui. Wa leo nimeuomba radhi kwa sauti, na mafundi wamenisikia, na hakuna aliyecheka.

Sasa shida yetu. Machela haiwezi kutoka. Tawi la nne limeziba mlango, na dirisha ni dogo. Nataka kukata hilo la nne peke yake, kwa vipande vifupi, kwa msumeno wa mkono, bila mashine. Kama nimelisoma vizuri, halibebi kitu. Kama nimekosea, yote yatashuka. Nikwambie kweli: naamini sijakosea, lakini siwezi kuapa.

Kubadilisha hati ya kazi kunataka saini za watu watano, kifungu cha kumi na moja, nakijua na mimi. Bila karatasi mafundi wangu hawana bima, na siwezi kuwapandisha mahali kama hapa bila bima. Watano hao wako wapi? Mwenyekiti yuko wapi?

Na wewe utoke humo ndani kabla sijaanza. Hili halina nakala kwa mtu yeyote.

Wifi yako


(nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Saa tatu na dakika arobaini

Mwenyekiti amekwenda kupokea wageni wa makao makuu. Wawili wako majumbani kwao, mmoja sijui aliko. Wa tano ni mimi.

Nabadilisha hati ya kazi kama ifuatavyo: likatwe tawi la nne tu, lililoziba mlango wa wodi ya wazazi. Mti uliobaki usiguswe mpaka wodi iwe tupu. Nimetia saini peke yangu, nikijua kwamba siruhusiwi, na mgonjwa mmoja ni binti yangu wa kuzaa. Mkandarasi ni wifi yangu. Nimeyaandika yote mawili ili asiwepo wa kuja kuyagundua.

Sitoki. Daktari naye hatoki, na nesi amesema tukimtoa yeye tumtoe kwa machela. Kitinda amenishika kidole, mkono wake ni wa baridi. Ameniuliza ni nani yuko juu. Nimemwambia. Akafumba macho, akasema, "Basi."

Kata, wifi.

Afisa Manunuzi (saini)


Wodi ya wazazi, nje
Jumamosi, 18 Aprili, saa mbili asubuhi

Wifi,

Simu bado. Dereva wa gari la wagonjwa amerudi kuchukua mgonjwa wa tatu na nampa barua hii akuletee huko hospitali kuu. Ananiambia mlifika, ananiambia alipelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji, na zaidi ya hapo hajui. Niandikie neno moja. Hata likiwa baya, liandike.

Mliondoka mbio sana hukuona. Tulilikata tawi la nne vipande kumi na vinne. Kipande cha mwisho kilipotoka nilikuwa nimekishika mwenyewe, nimefumba macho kama mjinga. Hakuna kilichosogea. Wifi, hata jani halikuanguka. Nilifumbua macho nikaona machela inapita chini yangu, naye Kitinda amelala chali, anautazama mti, na midomo yake inasema kitu. Sikusikia. Halafu mlango wa gari ukafungwa na mkaingia kwenye ile njia yetu nyembamba.

Jioni tulipokwisha kuwatoa wote tuliingiza nguzo za mikaratusi chini ya boriti, nane, ndipo mti ukapumzika. Ulitoa sauti. Haikuwa sauti ya kuvunjika, ilikuwa ya kushusha pumzi. Watu waliojaa uani waliisikia, na yule mzabuni wa pili alikuwepo, na ameisikia. Leo asubuhi amekuja na msumeno wake akaniuliza kama nahitaji mtu wa kusaidia. Nimempa visiki.

Mwenyekiti naye amefika. Akauliza nani alibadilisha hati. Nikamwonyesha. Akaisoma, akauangalia mti kutoka mizizi hadi kileleni, akarudia kuisoma. Nilidhani sasa atasema jambo. Akasema utajieleza kwa maandishi. Nikajua dunia imerudi mahali pake.

Nina jambo moja. Alhamisi ni yangu. Nilikuwa na macho ya kuona hospitali iko mbele, nikachagua kukuonyesha visiki. Wewe ulificha, haya, lakini mimi ndiye niliyesimama. Usijigawie Alhamisi, niachie. Sijui nitaiweka wapi lakini ni yangu.

Neno moja tu.

Shangazi yake


Hospitali kuu, wodi namba sita
Jumanne, 21 Aprili

Mama na Shangazi wapendwa,

Mama ameondoka jana kwenda kuandika maelezo yake, kwa hiyo nawaandikia wote wawili karatasi moja mnyang'anyane.

Ni msichana. Mama ameshakwambia, Shangazi, lakini nataka na mimi niliseme. Ana kilo moja na robo. Yuko kwenye kile kisanduku cha kioo chenye joto, na ukipitisha mkono kwenye kitundu anakamata kidole na haachi. Anakamata kwa nguvu usizozitegemea. Nesi wa hapa anasema watoto wa namna hii hulia kama paka, huyu analia kama mlango. Baba yake amekaa mbele ya kioo tangu Ijumaa, hata kuoga anasahau. Mimi nimewekewa damu chupa nne na leo nimekaa kitini mwenyewe.

Daktari aliyenipasua alikuja kuniuliza barabara ilifunguliwa lini. Nikamwambia Ijumaa asubuhi. Akaandika. Akasema kama ingekuwa Ijumaa jioni tusingekuwa tunazungumza. Akaniuliza ni nani waliofungua, nikamwambia ni shangazi yangu, akanitazama kama nimeanza kuweweseka.

Sitausahau ule mti. Siku nne nimelala chini yake na sikuuogopa hata mara moja. Nilikuwa nahesabu majani yake nikisinzia, nikiamka nakuta yameongezeka. Nitakwenda kuuona nikipona, kama mmebakisha chochote.

Shangazi, kuna kitu sikupata nafasi ya kukwambia. Mimi nilikuwa nakusikia. Jumatano jioni, mji umekaa kimya, hakuna gari wala redio, nikasikia mlio mwembamba mbali sana. Nesi akasema ni nyuki kwenye mvule. Nikamwambia huyo si nyuki, huyo ni shangazi yangu, na kila nikisikiliza alikuwa karibu zaidi kidogo. Wale wenzangu wawili nao wakaanza kusikiliza. Tulilala tunacheka, tukasema kesho mchana atakuwa hapa.

Alhamisi mlio ukaanza tena asubuhi mapema. Tukasikiliza mpaka jioni. Ulikuwa pale pale. Haukusogea hata kidogo, siku nzima, na mimi ndiyo siku niliyokuwa najisikia vibaya kuliko zote, nilikuwa sioni vizuri. Jirani yangu akaniuliza, "Mbona shangazi yako amesimama?" Nikamwambia amekutana na mti mkubwa. Nikaweka mkono tumboni nikamwambia na huyu: tulia, ngoja, shangazi amekutana na mti mkubwa, anapambana nao, hawezi kutuacha. Nilimwambia hivyo siku nzima. Naamini ndiyo maana alingoja.

Akikua nataka nimsimulie vizuri, nisikosee. Kwa hiyo niandikie, Shangazi. Ule mti wa kilomita ya nne, uliokushika siku nzima, ulikuwa mkubwa kiasi gani?

Wenu,
Kitinda